Linda Hakimiliki ya Picha Zako Kabla na Baada ya Kuzipandisha Mtandaoni: Mwongozo kwa Wapigapicha

Mpigapicha akikuta picha yake kwenye ukurasa wa kampuni ya utalii au kwenye bango la duka la simu, jambo la kwanza analouliza ni kama ana haki. Haki anayo. Wengi huangushwa na swali linalofuata: utaonyesha nini? Faili asili ilifutwa ili kadi ipate nafasi, mkataba ulikuwa wa mdomo, na nakala pekee iliyobaki ni ileile ya Instagram ambayo hata mwizi anayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla picha haijapanda. Ikishapanda huwezi kumzuia mtu kuichukua. Unachoweza ni kumfanya ashindwe kukana.

Haki huanza kidole kinapobonyeza

Kenya iliingia Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Mkataba huo unasema hakimiliki haitegemei usajili wala taratibu zozote: picha ikishapigwa ni mali ya mwenyewe, na inalindwa katika nchi zote wanachama. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, chini ya usimamizi wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na bodi yake, KECOBO. Nchini Kenya ulinzi wa picha ni miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, tarehe iliyo ya baadaye ndiyo inayofuatwa.

Alama ya © si sharti. Iweke hata hivyo, maana inamwondolea mtu kisingizio cha "sikujua ina mwenyewe".

Kuna mtego ambao wapigapicha wengi wa Kenya hawaujui. Kifungu cha 31 cha sheria ya Kenya kinasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba umekodiwa kupiga harusi kwa maneno ya simu tu, umelipwa, kisha ukazipandisha picha kwenye ukurasa wako wa kazi: kisheria wewe ndiye unayeweza kuwa mkosaji. Dawa yake ni karatasi moja, na hata ukifanya kazi nje ya Kenya karatasi hiyo itakuepusha na ubishi:

"Hakimiliki ya picha zote zitakazopigwa chini ya makubaliano haya itabaki kwa mpigapicha. Mteja anapewa leseni ya kuzitumia kwa mambo yake binafsi, ikiwemo kuzichapa na kuziweka kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii. Kuziuza, kuzitumia kibiashara au kumpa mtu mwingine azitumie kibiashara kunahitaji idhini ya maandishi ya mpigapicha. Mteja anaruhusu / haruhusu mpigapicha kutumia picha hizi kutangaza kazi zake."

Neno lisilohusika likatwe kwa kalamu, pande zote mbili zitie sahihi na tarehe kabla ya siku ya kazi. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kumwanika aliye ndani yake. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Watoto, wagonjwa na waliofiwa waombwe ruhusa kwa maandishi, kupitia mzazi au ndugu inapobidi.

Weka jina ndani ya kamera

Karibu kamera zote za Canon, Nikon na Sony zina sehemu ya kuandika jina la mpigapicha na tamko la hakimiliki kwenye menyu ya mipangilio. Ukiandika mara moja, kila picha inatoka kamerani ikiwa nayo. Andika jina lako kamili au la kampuni, si lakabu, kwa sababu lakabu haina sahihi wala kitambulisho.

Hapo hapo rekebisha saa na tarehe. Kamera iliyokaa bila betri kwa muda mrefu hurudi kwenye tarehe yake ya kiwandani, na picha ya harusi ya mwaka huu inayosema ilipigwa miaka kumi nyuma ni ushahidi unaompa mawazo wakili wa upande wa pili. Mkiwa wapigapicha wawili, linganisheni saa za kamera kabla ya shughuli kuanza.

Kamera ya kukodi na ya mtumba zina balaa lake: mara nyingi jina la mwenye duka au la mmiliki wa zamani bado limo. Unapiga siku nzima, na kila faili linasema picha ni za mtu mwingine. Fungua menyu, futa, andika lako, na ukirudisha kamera ufute tena.

Faili ghafi ndiyo hati yako ya kiwanja

Mtu anaweza kupakua JPEG yako, ile faili ya kawaida ya picha, akaikata, akaibadilisha rangi, hata akaandika jina lake ndani. Faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG, hawezi kuwa nayo usipompa. Ndiyo maana kwenye mzozo wa nani alipiga, mwenye RAW huwa ameshinda nusu ya kesi kabla ya kufungua mdomo.

Usihifadhi picha bora peke yake. Hifadhi pia tatu au nne zilizopigwa kabla yake na baada yake, hata kama macho yamefumba au fokasi imekosea. Mfululizo ule, wenye namba za faili zinazofuatana na sekunde zinazofuatana, hauwezi kughushiwa kirahisi. Harusi moja ya picha 1,500 za RAW zenye MB 25 kila moja inakula takriban GB 37.5, kwa hiyo kama diski inakubana, futa nyingine lakini linda mfululizo wa kila picha utakayoipandisha mtandaoni. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mahali pengine kabisa, iwe hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo kwa ndugu. Nyumba ikiibiwa, diski mbili zilizokaa meza moja huondoka pamoja.

Mteja akiomba RAW, mwelekeze kwenye mkataba. Ukiamua kumuuzia, bei yake iwe tofauti kabisa, na ubaki na nakala.

Anayepiga kwa simu naye anahusika. Faili asili ni ile iliyo ndani ya simu, wala si ile iliyopitia WhatsApp na kurudi. Ihamishie kwenye kompyuta kwa waya, isiguswe, na uhariri nakala.

Jina ndani ya faili: metadata

Kila JPEG inaweza kubeba maandishi yasiyoonekana kwenye picha. Vipo vya EXIF, vinavyoandikwa na kamera, na vipo vya IPTC na XMP, unavyoandika wewe. Vinavyohitajika kwa hakimiliki ni vitano: jina la mpigapicha, tamko la hakimiliki, namna ya kutajwa, masharti ya matumizi, na anwani ya ukurasa wenye masharti ya leseni. Anayetumia Lightroom, programu ya kuhariri picha, anatengeneza kiolezo kimoja chenye maelezo hayo na kukiweka kifanye kazi kila anapoingiza picha. Wakati wa kuzitoa, achague kuacha hakimiliki na mawasiliano, na kuondoa mahali picha ilipopigwa. Mahali pana madhara yake: picha ya mtoto uliyoipiga nyumbani inaweza kubeba ramani ya kufika nyumbani.

Asiye na Lightroom atumie ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey. Haina vitufe, unaandika amri. Hii inaweka jina kwenye JPEG zote za folda moja:

exiftool -XMP-dc:Creator="Jina Lako" -XMP-dc:Rights="Hakimiliki 2025 Jina Lako. Haki zote zimehifadhiwa." -XMP-xmpRights:WebStatement="https://tovutiyako/leseni" -IPTC:By-line="Jina Lako" -IPTC:CopyrightNotice="Hakimiliki 2025 Jina Lako" -ext jpg FOLDA

Tumeandika "Hakimiliki" badala ya © kwa makusudi: kwenye Windows alama hiyo mara nyingi hugeuka takataka ikiandikwa kwa njia ya amri. Programu itaacha nakala ya kila faili ikiwa na neno "_original" mwishoni. Usizifute mpaka umehakikisha mambo yako sawa, kwa kuandika exiftool na jina la picha moja na kusoma kilichotoka.

Maandishi haya yanapotea sana njiani. WhatsApp huyafuta ukituma kama picha, lakini ukituma ileile kama hati, faili inafika ilivyo. Instagram huondoa karibu yote. Tovuti ya WordPress inayopunguza picha kwa kutumia GD, zana ya kuchakata picha iliyo kwenye seva, hutoa nakala tupu, hata kama ulipandisha faili iliyojaa maelezo. Njia ya kujua ni kujipima: pandisha picha moja, ipakue mwenyewe kutoka mtandaoni, isome kwa ExifTool. Dakika tano hizo zitakuonyesha ni wapi jina lako linabaki na wapi linafia.

Kama maelezo hufutwa, kwa nini kujisumbua? Kwa sababu mbili. Kwanza, Google inayasoma kwenye tovuti yako, na tangu 2020 inaweza kuonyesha kwenye matokeo ya picha alama kwamba picha ina leseni, pamoja na kiungo cha kwako, mradi ile sehemu ya anwani ya ukurasa wa leseni imejazwa. Pili, sheria ya hakimiliki ya Marekani, vifungu vya 1202 na 1203, inamtoza mtu anayeondoa maelezo hayo kwa makusudi ili kuficha wizi kati ya dola 2,500 na 25,000 kwa kila tendo. Bila kuyaweka, hakuna alichoondoa.

Ukubwa wa picha: ulinzi unaodharauliwa

Wizi unaouma ni wa kuchapa na wa kibiashara, na huo unataka pikseli, vile vitone vinavyounda picha. Fanya hesabu. Picha ya kamera ya pikseli 6000 kwa 4000, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa karatasi ya sentimita 50.8 kwa 33.9. Ileile ikipunguzwa upana hadi pikseli 1080 inatoa sentimita 9.1, ukubwa wa kadi ndogo. Instagram yenyewe haionyeshi zaidi ya upana wa 1080, kwa hiyo kupandisha faili kubwa hakukuongezei uzuri wowote.

Kwa mitandao toa JPEG yenye upana wa 1080, kwa picha wima 1080 kwa 1350, rangi za sRGB, ubora wa asilimia 75 hadi 80. Kwenye tovuti yako upande mrefu usizidi 1600. Zaidi ya hapo unampa mtu malighafi.

Wapo wanaoweka "72 dpi" (nukta 72 kwa inchi) wakidhani wamejikinga. Namba hiyo peke yake haibadilishi hata pikseli moja. Faili ya 6000 kwa 4000 yenye 72 dpi ni kubwa vilevile, na mchapaji ataandika 300 kwa sekunde mbili. Na usijidanganye kuhusu mabango ya barabarani: bango linatazamwa kwa mbali, hivyo wachapaji hukubali nukta chache mno, na picha ya pikseli 2048 inaweza kutundikwa Kariakoo ikaonekana safi tu.

Kuzuia kubonyeza kulia kwenye tovuti hakusaidii. Skrinishoti haiombi ruhusa.

Wotamaki

Wotamaki ni jina au nembo inayoandikwa juu ya picha yenyewe. Hapa wapigapicha hugawanyika, na kila upande una hoja. Jina kubwa katikati linaharibu picha. Jina dogo kwenye kona linakatwa kwa kidole. Msimamo wetu: weka wotamaki kwenye picha za kuuza na za matukio, acha kuiweka kwenye picha chache za kujitangaza ambazo ungependa zisambae, na kamwe usiiweke kwenye faili anazolipia mteja.

Ukiiweka, iweke mahali ambapo kuikata ni kuharibu picha: juu ya nguo, kwenye mpaka wa mtu na mandhari, palipo na michoro mingi. Anga jeupe au ukuta mtupu ni zawadi kwa mwenye kufuta. Upana wake uwe kama robo ya picha, uzito wa rangi asilimia 25 hadi 35, na yawe maandishi yanayosomeka, si nembo ambayo mtu wa nje haijui. Jina la akaunti au anwani ya tovuti linafaa zaidi kuliko jina peke yake, maana mhariri mwaminifu atajua pa kukupata.

Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kuwa wotamaki ileile ikirudiwa kwenye picha nyingi, kompyuta huzilinganisha, hukisia umbo lake na kuifuta yenyewe. Waliona pia kuwa ukiipinda kidogo na bila mpangilio katika kila picha, kazi hiyo inakuwa ngumu. Kwa hiyo usibandike palepale kwa ukubwa uleule kwenye albamu nzima. Sogeza, zungusha digrii mbili tatu, badilisha ukubwa kidogo. Zana za akili unde za leo hufuta hata hivyo, lakini kufuta huko ndiko kunakothibitisha kwamba mwizi alijua picha ina mwenyewe.

Siku ya kupandisha

Kwenye maelezo ya picha andika mwaka, jina, na njia ya kukupata: "© 2025 Jina Lako. Kutumia picha hii, andika kwa" kisha baruapepe. Usiandike "DM for credit" au "taja jina ukitumia" kama hukukusudia kugawa bure. Watu wengi huamini kutaja jina la mpigapicha ni ruhusa. Siyo. Ila ukiandika mwenyewe kwamba jina linatosha, umeshawapa.

Masharti ya Instagram, Facebook na mengine hayakunyang'anyi umiliki. Unaipa kampuni leseni pana ya kuonyesha na kusambaza picha ndani ya huduma zake. Mtu wa tatu haipati kwa sababu tu ameiona pale. Jambo hili lilipimwa mahakamani New York. Daniel Morel, mpigapicha wa Haiti, alipandisha picha za tetemeko la Januari 2010 kupitia Twitter. Mtu mwingine akazirusha kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua na kuzisambaza, na Getty Images, wakala wa kuuza picha, nayo ikazigawa. AFP ilijitetea kwa masharti ya Twitter. Mahakama ikakataa, na Novemba 2013 baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likampa Morel takriban dola milioni 1.2.

Soma kwa makini masharti ya mashindano ya picha. Tafuta maneno kama "haki zote zinahamia kwa mwandaaji" au "bila kikomo cha muda na bila malipo". Shindano la zawadi ndogo linaweza kuwa njia ya kampuni kujipatia picha mia tano za tangazo. Unsplash nayo, tovuti ya picha za bure, ukiweka picha, umewaruhusu watu wote kuitumia hata kibiashara bila kukutaja. Leseni za Creative Commons, zinazoruhusu umma kutumia kazi yako kwa masharti uliyochagua, ni nzuri kwa anayezielewa, lakini hazirudishwi: aliyechukua picha wakati ikiwa chini ya leseni hiyo anaendelea nayo, hata ukibadilisha mawazo kesho.

Usajili

Si lazima, lakini cheti hupunguza mabishano. KECOBO husajili kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa Rejista ya Taifa ya Haki, na COSOTA husajili kazi Tanzania Bara. Huna haja ya kusajili picha elfu moja. Chagua zile unazouza, na zile zinazosambaa.

Kama kazi zako ni za utalii na wanyama, Serengeti, Mara, Mji Mkongwe, tazama pia Marekani, kwa sababu huko ndiko zinakotumika sana. Mgeni anaweza kufungua kesi ya kawaida huko bila kusajili, lakini ili kudai fidia ya kisheria, yaani kiasi kilichopangwa na sheria yenyewe, dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja na hadi 150,000 ikithibitika ni makusudi, ni lazima awe amesajili kabla ya wizi au ndani ya miezi mitatu tangu picha ilipochapishwa mara ya kwanza. Ombi moja la kundi la picha linabeba hadi 750 kwa ada ya dola 55. Mwenye tovuti ya kuuza picha afanye hivyo kila robo mwaka.

Kuzitafuta

Chagua picha zako 20 zinazopendwa zaidi na uzipitishe kwenye Google Lens, TinEye na Yandex, zana za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha, mara moja kwa mwezi. Kila chombo kinaona yake: Lens ni hodari kwa picha zilizokatwa, Yandex kwa nyuso na majengo, TinEye hupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, jambo linalosaidia kuonyesha nani alitangulia. Jaribu pia picha iliyogeuzwa kushoto kulia, kwa sababu wezi hupenda kuigeuza. Magrupu ya WhatsApp na kurasa zilizofungwa hayapekuliwi na chombo chochote. Huko macho yako ni wateja na wenzako.

Mwenye ukurasa wa Facebook anaweza kuomba Rights Manager, mfumo wa Meta unaotafuta picha zako ndani ya mitandao yake.

Umeikuta. Sasa?

Usimtukane kwenye sehemu ya maoni. Ukianza na makelele, atafuta, na ushahidi umeondoka naye. Fuata mpangilio huu.

1. Piga skrinishoti ya ukurasa mzima, anwani ya tovuti ionekane, pamoja na tarehe na saa ya kompyuta. Piga pia jina la akaunti, idadi ya wafuasi, na bei kama picha inatangaza bidhaa.

2. Hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Hiyo ni nakala iliyo nje ya mikono yako, kwa hiyo hakuna wa kusema umeitengeneza. Kurasa za Instagram na Facebook mara nyingi hazihifadhiki huko. Kwa hizo rekodi video ya skrini ukifungua ukurasa kuanzia mwanzo.

3. Andika kwenye daftari nani alifanya hayo, kwa kifaa gani, lini. Mahakama za Kenya hutaka cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na aliyepiga skrinishoti ndiye wa kukitia sahihi. Tanzania inakubali ushahidi wa aina hiyo chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, nako utaulizwa ulipatikanaje.

4. Hakikisha hakupewa ruhusa. Piga simu kwa mteja wako. Mara nyingi saluni iliyoweka picha ya bibi harusi ilitumiwa na bibi harusi mwenyewe, na hapo tatizo ni la mkataba.

5. Amua unataka nini: pesa, jina, au iondoke. Ukiomba iondolewe kwanza, kudai pesa baadaye kunakuwa kugumu, maana umeshaondoa kinachomsukuma alipe.

Ukitaka pesa, anza na barua ya heshima yenye tarakimu:

"YAH: MATUMIZI YA PICHA BILA IDHINI. Mimi ni mmiliki wa hakimiliki ya picha iliyoambatanishwa, niliyoipiga tarehe … mahali … Picha hiyo inatumika kwenye … (anwani ya ukurasa), tangu takriban tarehe … bila leseni kutoka kwangu. Ada yangu ya matumizi ya aina hii kwa kipindi hicho ni shilingi … Tafadhali lipeni ndani ya siku 14, au mnionyeshe leseni mliyo nayo. Ushahidi umehifadhiwa. Barua hii haiondoi haki zangu nyingine kisheria."

Ada isiwe ya kubuni. Itokane na mambo manne: imetumika wapi, eneo gani, muda gani, na kama ni tangazo au habari. Ukiwa na ankara mbili tatu za wateja waliokulipa kwa matumizi yanayofanana, ziambatanishe. Sheria ya Kenya inaruhusu mahakama kutoa kiasi sawa na mrabaha unaofaa badala ya fidia, na ankara hizo ndizo kipimo. Asiye na orodha ya bei hana cha kumwonyesha hakimu.

Ukitaka iondoke, tumia fomu ya hakimiliki ya mtandao husika. Kampuni nyingi za Marekani zinafuata DMCA, sheria ya nchi hiyo ya hakimiliki mtandaoni ya 1998, na maombi hukataliwa kwa kukosa moja kati ya haya: sahihi yako, hata ya kuandika jina, maelezo ya kazi yako, kiungo kamili cha posti yenyewe, si cha akaunti, mawasiliano, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayana ruhusa, na tamko kwamba maelezo ni ya kweli, ukiapa kwamba wewe ni mmiliki au mwakilishi wake. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka kiungo cha ukurasa wa mbele. Mtu huyo akipinga, picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi. Usiripoti kwa uongo. Anayeumizwa na ripoti ya uongo anaweza kukudai.

Tovuti isiyo na fomu, tafuta kwenye WHOIS, daftari la usajili wa majina ya tovuti, ujue imewekwa kwa nani, kisha mwandikie mwenye seva. Jina la Cloudflare likitokea, wao mara nyingi ni lango tu. Watapeleka malalamiko mbele na kukujulisha mwenye seva ni nani. Kwa Kenya, marekebisho ya 2019 yameleta notisi ya kuondoa chini ya kifungu cha 35B: iwe ya maandishi na sahihi, ieleze kazi na mahali ilipo, iambatane na kiapo kinachosema wewe ni mmiliki na ulishajaribu kumfuata mhusika, na nakala ziende KECOBO na Mamlaka ya Mawasiliano. Mtoa huduma anatakiwa kuzuia maudhui ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa akipata notisi ya kupinga. Notisi inaweza kurudishwa kwa kukosa kile kiapo, ambacho wakili aliye Kamishna wa Viapo anakitia mhuri.

Wakishalipa, andikeni makubaliano yenye tarehe za matumizi yaliyopita, na kama wanataka kuendelea, mpaka lini. Kwenye risiti andika "ada ya leseni ya matumizi", usiandike "mauzo ya picha". Miaka miwili baadaye meneja mpya atakayefungua faili hilo na kukuta neno "mauzo" ataamini kampuni iliinunua moja kwa moja, ataichapa kwenye kalenda, na wewe utaanza upya kwenye hatua ya skrinishoti.